Matatizo ya ulaji kwa wasichana wanafunzi yasipuuzwe

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu na wazazi wasichukulie kujinyima chakula kwa wasichana wanafunzi kuwa ni mambo ya urembo tu. Anoreksia (kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa) na bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kukiondoa chakula) ni magonjwa ya akili, na anoreksia ni miongoni mwa yale yanayoua zaidi. Msichana anayejitapisha baada ya mlo anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa, huku meno yake yakilika kwa asidi na madini ya potasiamu yakipungua mwilini hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Anayekwepa kula mbele ya wenzake, au aliyekoma kupata hedhi, aulizwe kwa upole, faraghani, kisha apelekwe kwa daktari mapema. Tena, na hili linaniuma sana, tuache kuwapima wanafunzi uzito hadharani na kuwatania kuhusu miili yao.

Msomaji wako,
Mwalimu wa ushauri nasaha