Kabla hujatia kichongeo kwenye hedi

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salehe,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika, nami nimefurahi kusikia kwamba hedi (kichwa cha silinda) ya injini yako ya Toyota 4A-GE imeshashuka na imelala mezani. Umeuliza utanue poti, yaani njia za hewa na moshi ndani ya hedi, kwa kiasi gani ili zilingane na zile za hedi ya zamani yenye poti kubwa. Nakuomba sana, usizitanue. Faida ya kazi hii iko karibu na siti ya valvu, yaani pete inayokaliwa na valvu ikifunga, kwenye sentimita moja na nusu hivi za mwisho, na huko ndiko nataka jasho lako liishie.

Toyota wenyewe walirudi nyuma kwa jambo hili. 4A-GE za kwanza, za mwaka 1983, zilikuwa na poti pana kiasi kwamba ilibidi ziwekewe vipepeo vya mfumo uitwao TVIS. Vipepeo hivyo vilifunga nusu ya njia za hewa injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ili isilegee. Mwaka 1989 wakazipunguza poti, wakaviondoa vipepeo, wakapandisha kompresheni (kiwango cha kubana hewa ndani ya silinda) hadi 10.3, na injini ya soko la Japani ikafika nguvu ya farasi 140. Kompresheni ilichangia, sikatai, lakini poti nyembamba haikuwa kizuizi. Hewa ikibanwa inakwenda kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoendelea kuisindika ndani ya silinda hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Tanua poti nzima, kasi inakufa: gari linakuwa zito kuondoka, na huko juu hupati cha maana.

Tafuta grainda ndogo ya mkono inayopunguzwa kasi, na kichongeo cha kabaidi chenye mkia wa milimita 6 na meno mapana ya alumini. Meno madogo yaliyokatana, yale ya chuma, yanajaa alumini ndani ya dakika moja, kisha kichongeo kinaruka. Kipake mafuta ya taa au nta ya mshumaa kila baada ya muda mfupi. Kwa upande mwingine, pete ya siti ni ngumu na meno mapana yataigonga na kuvunjika, kwa hiyo hapo tumia jiwe la kusagia. Vaa miwani na barakoa, vumbi la alumini si la kuvuta.

Toa valvu zote, ziweke kwa mpangilio, kila moja na tundu lake. Ingiza kidole kwenye poti ya hewa ukitokea upande wa chumba cha moto. Utagusa ukingo pale pete ya siti inapokutana na alumini ya hedi, na upande mmoja mara nyingi umejitokeza kuliko mwingine. Ukingo huo ndio adui yako. Uondoe hadi pete na alumini viwe uso mmoja, kisha upe bakuli lililo chini ya valvu umbo la mviringo bila kuchimba shimo.

Vipimo vyake ni hivi. Valvu ya hewa ya injini hii ya valvu 16 ina kipenyo cha milimita 30.5, na koo lililo chini yake liwe kati ya asilimia 85 na 88 ya hapo, yaani milimita 26 hadi 26.8. Valvu ya moshi ni 25.5, koo lake liwe 21.7 hadi 22.4. Anza kwenye asilimia 85. Ukivuka 88 siti inabaki na nyama kidogo, inapoteza joto na umbo, na fundi wa mashine hatakuwa na mahali pa kukata pembe za chini.

Sasa niikazie kona ya ndani, pale sakafu ya poti inapopinda kushuka kwenye siti. Hapo ndipo hedi nyingi za nyumbani zinapoharibikia, kwa sababu ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Mtu anachimba sakafu ili njia ionekane imenyooka, na hewa inashindwa kuifuata kona kali aliyoitengeneza. Inaruka, inaiacha, na nusu ya valvu inabaki haifanyi kazi. Wewe vunja makali yake tu kwa msasa, upinde uwe mpole, urefu wake ubaki ulivyokuwa. Ukitaka kupunguza kitu, gusa kidogo paa la poti na kuta za pembeni. Hata huko usizidi milimita moja, kwa maana maji yako nyuma ya ukuta. Ukitoboa, dawa yake ni kuchomelea kwa gesi ya agoni na kuchonga upya, na joto lile linaweza kuipinda hedi.

Gaidi ya valvu, yaani kibomba kinachoongoza shina lake, usiikate. Inashika shina na kulitoa joto, hasa upande wa moshi. Unachoweza kufanya ni kuichonga alumini inayoizunguka iwe nyembamba mbele na nyuma, kama ngalawa, ili hewa igawanyike na kukutana tena bila vurugu.

Fanya hatua moja kwenye poti zote kabla ya kuanza hatua nyingine. Ukimaliza poti moja kabisa ndipo uhamie ya pili, ya mwisho haitafanana na ya kwanza, maana mkono umeshazoea na umeshachoka. Pima kwa kompasi ya miguu ya ndani na vernia, andika namba kwenye karatasi.

Kwa umaliziaji, pasua kwa msumeno ncha ya fimbo ya chuma ya milimita 6, uchomeke kipande cha msasa wa kitambaa na kukiviringisha. Poti za hewa ziishie msasa namba 80. Usizing'arishe: petroli inanyunyiziwa humo, na ukuta unaong'aa unaifanya ishikamane na kutiririka kama michirizi. Poti za moshi peleka hadi 320, kaboni haitashika haraka.

Gasketi ya manifodi, yaani ya mabomba yanayoungwa na hedi, itumie kama kipimo, lakini ulinganishaji uingie ndani milimita 10 hadi 15 tu. Mdomo wa manifodi ya hewa usiwe mpana kuliko wa hedi, hewa itagonga ngazi. Upande wa moshi, bomba likiwa pana kidogo kuliko poti ni jambo jema, ngazi ile inazuia moshi kurudi.

Vyumba vya moto viguse kwa woga. Silinda moja ina ujazo wa sisi (sentimita za ujazo) 397 hivi, kwa hiyo kila sisi moja unayoiongeza kwenye chumba inashusha kompresheni kutoka 10.3 hadi karibu 10.1. Weka valvu na plagi, funika kwa kioo kilichopakwa grisi, jaza kwa bomba la sindano, ulinganishe vyote vinne.

Kisha mpelekee fundi wa mashine akate siti pembe tatu: digrii 30, 45 na 60, upana wa ile ya 45 uwe milimita 1.0 hadi 1.4. Apime na uso wa hedi. Ukiwa umepinda zaidi ya milimita 0.05 usawazishwe. Ukirudi nayo ioshe kwa maji moto na sabuni, pitisha brashi kwenye kila njia ya oili, pulizia kwa kompresa, halafu rudia. Chembe moja ya alumini inatosha kukwaruza beringi.

Siti ikishakatwa valvu inazama, shina linapanda, nafasi kati ya kemu na valvu inapungua. Nunua mapema shimu nyembamba, visahani vya kurekebisha nafasi hiyo. Injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu ya hewa iwe milimita 0.15 hadi 0.25 na ya moshi 0.20 hadi 0.30. Mwisho mimina mafuta ya taa kwenye poti, subiri dakika kumi, uangalie kama yanavuja kwenye siti. Na kama injini yako inatumia kihisi cha shinikizo kwenye manifodi, kompyuta haipimi hewa yenyewe, kwa hiyo pima mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kuikanyaga hadi mwisho.

Nitumie namba za koo zote nane za hewa kabla hujaipeleka kwa fundi.

Wako,
Hamisi