Mwanangu, kula kwanza

Tanga, Jumanne usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua hii naitia kwenye begi dogo, chini ya fulana, pembeni ya chupa ya achari. Ukiisoma ina maana basi limefika Dar na mjomba wako amelipokea begi. Huku hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu mawingu yaanze kutanda.

Jana ulipompigia mdogo wako aliweka spika. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mlango uko wazi, nimesikia yote. Nimesikia Nipponbashi, huo mtaa wa Osaka wa vitu vya anime, katuni zenu za Kijapani, nimesikia maduka yana ghorofa ngapi za sanamu za mtumba za wahusika wake, nimesikia "mwezi wa kwanza nachukua mbili tu, Mama hatajua." Baba, hata ndege hujapanda. Hujui mchele wa huko unauzwaje, hujui baridi ya Aprili ikoje, blanketi huna, lakini sanamu mbili ushazipangia fedha.

Sanamu hazinikasirishi. Kilichoniuma ni hilo la Mama hatajua.

Nimechukua daftari la wateja nikapiga hesabu ukurasa wa nyuma, kwa bei zile zile ulizokuwa ukinitajia mwenyewe. Serikali ya Japani itakupa posho ya masomo, yeni 117,000 kwa mwezi. Chumba, umeme, simu na treni vyote vinatoka humo. Diski moja mpya ya anime ulisema yeni 7,000, na ndani mna sehemu mbili. Hadithi ya sehemu 12 ni diski sita, yeni 42,000. Zaidi ya theluthi ya posho imekwenda kwa hadithi moja, na hapo hujagusa sanamu, na zile nzuri ulisema zinafika 20,000. Kula kwanza. Ukishakula, ukishalipa chumba, ukishatenga ya dawa, kinachobaki ni chako. Nunua unachopenda, unionyeshe kwenye simu, nitafurahi nawe.

Na usiniambie umekua. Ya kidato cha tatu unayajua, alichosema daktari unakijua, sirudii.

Wala usidhani mama yako hajui mapenzi ya kukusanya. Sanduku langu unalijua. Mimi ninayepinda kanga za mtaa mzima nina doti tisa humo ambazo sijazikata mpaka leo, mbili mbili zimeshikana kama zilivyotoka dukani, kwa sababu nikizikata nitazivaa, na nikizivaa zitapauka. Usiku nyumba ikilala nazifungua, nasoma jina, napapasa pindo, nazikunja nazirudisha na udi. Kwa hiyo uliponiambia sanamu hutaitoa kwenye boksi lake, nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Na baba yako, Mungu amrehemu, kuna mwezi aliniuliza fedha ya mafuta ya taa imekwendaje, nikamwambia bei imepanda. Haikuwa imepanda. Mkono wa mtu anayekusanya naujua unavyokwenda wenyewe, ndiyo maana nakusemesha hivi.

Lakini hilo la boksi ulikosea, na nilikuambia. Plastiki laini ile ikifungiwa kwenye joto bila hewa hutoa mafuta yake yenyewe ikaanza kunata kama halua. Zile tatu za juu ya kabati zilinata kwa sababu ulizifunga nailoni miaka miwili katika joto la hapa. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, unasugua kwa kidole, taratibu. Brashi usitie, brashi inaondoa rangi ya macho. Yule mwenye nywele za buluu, jicho lake la kushoto, halikufutwa na jua kama nilivyokuambia.

Hivi leo ukiniuliza mimi napenda katuni zipi, nitakujibu zile za zamani, zilizopakwa rangi kwa mkono. Ulinieleza siku ile umeme umekatika, nami sijasahau: mstari unachorwa upande wa mbele wa karatasi ya plastiki inayoona, rangi inapakwa upande wa nyuma, halafu inalazwa juu ya picha ya mandhari na kupigwa picha, moja baada ya moja, maelfu. Na ile ya familia ya Sazae-san, iliyoanza 1969, iliendelea kupakwa hivyo mpaka 2013, wenzao wote walishahamia kwenye kompyuta. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa Mungu atakujalia siku moja ununue kitu cha bei, kiwe hicho, karatasi moja ambayo mkono wa mtu uliipitia, uiache sanamu iliyotoka kiwandani na dada zake elfu. Lakini dukani inusie kwanza. Wewe mwenyewe ulisema plastiki ile ikianza kuoza inatoa harufu ya siki. Ukisikia siki, rudisha, hata kama sura ya picha inakuita.

Na usinunue kwa kufuata namba, eti ya kwanza hadi ya nane maana ukiwa na saba kabati lina pengo. Acha pengo. Nunua kile ulichokiangalia ukanyamaza. Zile mashine za kutia sarafu ya yeni 100 ukapata kidude hukichagui, hizo ziogope kabisa, maana mtu hatii sarafu moja. Na vile vya wasichana nusu uchi usiniletee nyumbani kwangu. Bibi yako bado anafunika lile kabati lako kwa kitambaa kila Ijumaa, anasema malaika hawaingii penye masanamu, na mimi namwachia, lakini asubuhi nakifunua mwenyewe.

Kuna jambo lililonikaa moyoni. Uliniambia wale vijana wanaochora picha za katikati za katuni, zile za kuunganisha mwendo, wanalipwa kwa picha, kama yeni 200 hivi kila moja. Mimi ninalipwa kwa kanga. Najua maana ya kulipwa kwa kipande, kwamba ukiugua siku mbili ni siku mbili za njaa. Tangu siku hiyo majina yakianza kupita mwishoni simruhusu mtu azime televisheni. Kuyasoma siwezi, lakini nakaa mpaka yaishe. Na tukubaliane, miaka yote hii tuliangalia vya flashi za kujaziwa mtaani kwa buku. Hata senti moja haikuwafikia. Nilikuwa natoa hiyo buku mimi. Huko nako tangu 2012 mtu anayepakua kazi ya wizi akijua ni ya wizi anaweza kufungwa, kwa hiyo tabia hiyo iache hapa hapa Tanga. Angalia kidogo, kwa kulipia, usiangalie sehemu 12 usiku mmoja ukaenda darasani na macho mekundu. Sehemu moja kwa siku inatosha. Hadithi nzuri inataka uilalie.

Kyoto ni karibu na hapo Osaka. Asubuhi ile ya Julai 2019 uliyonijia jikoni na simu mkononi nilidhani kuna msiba wa kwetu. Watu 36 wa studio moja, wamekwenda kazini kuchora, wakachomwa moto. Ukipata nafasi nenda mji wa Uji, wameweka mnara wa kuwakumbuka bustanini. Simama kwa adabu, usipige picha za kujionyesha. Ndio waliochora ile ya Violet Evergarden, ile sehemu ya kumi, mama mgonjwa anamwandikisha Violet barua za kumfikia binti yake kila siku ya kuzaliwa kwa miaka 50. Mimi sina wa kuniandikia, na mwandiko wangu unaujua, mstari unapanda mlima. Lakini niliona ya kwenye simu utaisoma ukiwa unatembea.

Ninayoiwaza zaidi siku hizi ni ile nyingine, ya mwaka 1988, Kaburi la Vimulimuli. Wewe unasema ni anime ya vita. Mimi nimeiangalia mara mbili, na mara ya pili nilikuwa peke yangu, hukujua. Yule kijana na dada yake mdogo na lile kopo la peremende. Hawakuwa mbali na hapo unapokwenda, Kobe ni jirani ya Osaka. Bomu lilimuua mama yao, sawa. Lakini yule mtoto aliuawa na njaa, na kaka yake alikuwa na fedha benki aliyoachiwa na mama, akaenda kuichukua kwa kuchelewa. Kulikuwa na shangazi, mkali, mchoyo, lakini alikuwa na paa na chungu. Kijana akaona bora pango kuliko maneno ya shangazi. Hakuna aliyemfundisha kusema nina njaa. Ninakufundisha mimi, leo, kwa maandishi. Ukiishiwa, sema. Hata kama umeishiwa kwa sababu ya sanamu, sema. Nitagomba, unanijua, nitagomba siku mbili, lakini nitatuma.

Na chakula chenyewe ukisome nyuma ya pakiti. Zile tambi za supu, mara nyingi nguruwe yumo ndani ya unga wa supu hata kama picha ni ya mboga. Mwaka wa kwanza wote ni wa lugha, basi herufi za kwanza kuzijua ziwe za nguruwe, pombe na bei.

Sijakuambia ana kwa ana kwamba najivunia. Nilikuwa nawaambia wateja. Mtoto wa hapa aliyejifunza zile herufi kwa kuzinakili kutoka kwenye diski moja isiyocheza, akaenda ubalozini kufanya mtihani akarudi na chakula hakijamshuka, akafaulu. Wengine walisema katuni zitakupoteza. Na mimi nilisema.

Ile diski, kwa kuwa nimeitaja. Ile mjomba wako aliyoikuta bandarini ndani ya redio ya gari la mteja, yenye paka na maandishi ya buluu. Wiki ya matokeo ya kidato cha nne ulipoitafuta siku nne, nami nikatafuta nawe, tukavuta hata kabati la vyombo. Fungua kanga ya njano iliyo chini kabisa ya begi. Ni doti mpya, haijakatwa, jina lake utalisoma mwenyewe. Ilikuwa kwenye sanduku langu muda wote huo, haina mkwaruzo. Deki yetu ilikuwa inaikataa kwa kuwa ni ya eneo la 5, la huku Afrika, na diski ni ya eneo la 2, la Japani, ndivyo ulivyonieleza. Huko itacheza. Iangalie, kisha unipigie uniambie ndani mna nini, maana na mimi nimekaa nayo miaka nikiitazama sura tu.

Mdogo wako ameanza kulala kitanda chako, nimemwambia asiguse kabati. Anasema harufu ya plastiki inamzuia usingizi, nimemfungulia dirisha. Fundi wa bati amekuja akaangalia pale panapovuja juu ya jiko, anataka elfu arobaini, nimempa kumi, atarudi Jumamosi kama mvua itamruhusu. Kuku mweupe ameanza kutaga tena. Yule mama wa harusi hajamaliza kulipa kanga thelathini nilizompindia, kila siku kesho, na ni hiyo ndiyo nilitaka nikununulie koti. Mjomba wako anasema pale mitumbani Karume kuna makoti mazito ya bei nzuri, nenda naye kesho usiende peke yako, na ujaribu zipu kabla hujatoa fedha.

Achari ni ya ndimu, nimeifunga mifuko mitatu na kuzungushia fulana ile ya zamani. Wakikuambia begi limezidi uzito, punguza vitabu. Achari usiitoe.

Mama yako