Ugomvi wa tawasifu: tuulizane kwanza tumesoma toleo gani

Mhariri,

Kila mara gazeti linapochapa dondoo za tawasifu ya kiongozi au mtu mashuhuri, barua za wasomaji hugawanyika pande mbili zilezile. Hawa wanasema mzee kaweka yote wazi, wale wanasema kajisafisha. Sisi ambao kazi yetu ni kuhariri vitabu vya aina hiyo tunaona kwamba mara nyingi wanaobishana hawajashika kitabu kimoja. Huyu kasoma aya tatu gazetini, yule kasoma tafsiri, na wa tatu kasimuliwa. Na hata walioshika kitabu kimoja hawakukiendea kwa swali moja.

Mfano mzuri ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa wa Unguja katika karne ya 19. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia herufi za Kilatini na kuyafasiri kwa Kijerumani, yakachapwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, mwenyewe akiwa bado hai. Alifariki Unguja mwaka 1905. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, iliyopangwa sambamba na Kiswahili chake, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kati ya mkono wa mzee na jicho la msomaji wa leo amepita walau mtu mmoja, na kwa asomaye Kiingereza wamepita wawili.

Msomaji wa Mji Mkongwe, anayeijua nyumba yake pale Shangani, humwona mfanyabiashara shupavu aliyefika kusikofikika. Msomaji wa Kasongo au Kisangani, huko Kongo alikofanyia biashara, huona vita, ushuru wa pembe na watu waliotekwa. Wote wawili wanasoma mistari ileile, na maandishi yenyewe yanawaruhusu. Tippu Tip hatubu wala hajitetei sana. Anaandika kama mtu anayefunga hesabu za safari: siku za njia, madeni kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyemkopesha, bidhaa zilizopakiwa, pembe zilizopatikana. Anayetafuta toba ataona moyo mkavu. Anayetafuta uongo atashangaa jinsi mzee alivyo mwangalifu wa idadi.

Kitabu cha namna hiyo kinasomwa kwa kalamu mkononi. Kila anapotaja pembe kwa frasila, geuza iwe kilo: frasila moja ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Frasila 100 ni kama kilo 1,600. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kwa hiyo shehena hiyo inataka migongo 50, bila kuhesabu wabeba chakula, vitambaa na baruti. Hapo maswali huja yenyewe: hao 50 walitoka wapi, nani aliwalipa, na je, walilipwa? Wapagazi wengi wa njia ya kati, ile ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, walikuwa Wanyamwezi wa ujira, lakini si wote. Aliyefika kwenye swali hili ana jambo la kubishania kuliko anayesema tu "shujaa" au "katili".

Sayyida Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, amewagawa wasomaji kwa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja. Mwaka 1859 alikuwa upande wa kaka yake Barghash katika njama dhidi ya kaka yao mwingine Majid, aliyekuwa sultani, na kwa kuwa alijua kuandika, barua za njama zilipita mkononi mwake. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara kutoka Hamburg, ambaye alifariki mwaka 1870. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wapo wanaomsoma kama shahidi wa kwanza wa maisha ya wanawake wa jumba la Mtoni, na kweli ndani yake mna mavazi, vyakula, dawa na malezi kwa kina kisichopatikana kwingine. Wapo wanaokiweka chini kitabu wakifika sura ya utumwa, kwa sababu anautetea utumwa wa Waarabu kwa kuulinganisha na taabu za wafanyakazi wa Ulaya. Na wapo wasiomsamehe kubadili dini, ambao tunadhani hawakusoma hata ukurasa mmoja.

Kinachosahauliwa na karibu wote ni tarehe. Mwaka 1885, mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani akidai urithi wake kwa Barghash, ambaye sasa alikuwa sultani. Kwa hiyo kila alichoandika juu ya Barghash kisomwe kwa kukumbuka kwamba anayeandika ana madai dhidi ya anayeandikwa. Hilo halifanyi maneno yake kuwa uongo. Linatuambia ni kurasa zipi za kulinganisha na ushahidi mwingine, na ni zipi za kupokea kwa wepesi zaidi. Sura ya namna watoto walivyovalishwa haikuwa na faida yoyote katika madai yale.

Jambo la pili kwa Salme ni toleo. Barua zake ndefu juu ya upweke wake Ujerumani hazikuchapwa alipokuwa hai; ziko pamoja na kumbukumbu katika toleo la Kiingereza la E. van Donzel la mwaka 1993. Aliyesoma kitabu cha 1886 peke yake na aliyesoma toleo hilo wanabishana juu ya wanawake wawili tofauti.

Tuje kwenye tawasifu za viongozi wa siku hizi, ambako ndiko moto unakowaka. Wengi wao hawaketi mezani kuandika. Huhojiwa mbele ya kinasa sauti, kisha mtu mwingine huandika. Saa moja ya sauti humchukua mwandikaji saa nne hadi sita kuihamishia kwenye karatasi, na katika hayo yaliyohamishwa sehemu kubwa hukatwa: marudio, salamu, habari zilizoruka kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine. Anayekata ndiye anayepanga. Mzee anaweza kuwa alisimulia kujiuzulu kwa waziri kabla ya kusimulia mgomo. Mhariri akitanguliza mgomo kwa ajili ya mtiririko, msomaji ataona sababu na matokeo ambavyo mzee hakuvisema. Dalili ni maneno kama "baadaye kidogo" na "wakati huohuo" yasiyofuatwa na tarehe. Ukiyaona, tafuta tarehe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge au kwenye gazeti la wiki ile kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Mazungumzo nayo. Maneno ya kikao cha mwaka 1964, yamefungwa ndani ya alama za kunukuu, neno kwa neno, yanatoka wapi? Kama mwandishi aliweka shajara, kitabu kinapaswa kusema hivyo kwenye utangulizi. Kama hakuweka, hayo ni maneno yaliyoundwa upya na kumbukumbu, na mhariri makini angeyaondolea alama hizo na kuandika kwamba fulani alisema jambo kadhaa. Kiini chaweza kuwa kweli kabisa. Lakini wasomaji hushika neno moja la nukuu hiyo na kugombana nalo mwezi mzima.

Kuhusu wasiotajwa, fungua faharasa, ile orodha ya majina na kurasa mwishoni mwa kitabu. Kitabu cha siasa kisicho na faharasa ni uzembe wa mchapishaji, tunalisema hili tukijua linatuhusu. Mtu aliyefanya kazi na mwandishi miaka kumi akitokea ukurasa mmoja tu, kuna sababu. Wasomaji huikimbilia ile ya chuki. Mara nyingi sababu ni mwanasheria: aya inayomtuhumu mtu aliye hai bila hati ya kuithibitisha huondolewa kwa kuogopa kesi ya kashfa, na ikishaondolewa, mtu mwenyewe huondoka nayo. Pengine ni familia iliyoomba. Dibaji ingeweza kusema kwamba baadhi ya majina hayamo kwa sababu hizo; sentensi moja ingetosha.

Lugha pia inagawa wasomaji. Tawasifu ya Rais Mkapa ya mwaka 2019 iliandikwa kwa Kiingereza, ile ya Rais Mwinyi ya mwaka 2021 kwa Kiswahili. Ya kwanza iliwafikia Watanzania wengi kwa vipande vilivyofasiriwa kwa haraka magazetini, na kipande kilichosikika kuliko vyote ni pale anapotaja mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kuwa doa katika uongozi wake. Kwa wengine huo ni ujasiri, kwa wengine ni maneno yaliyochelewa miaka 18. Yote mawili yanasemeka, ila kwa kuisoma sura nzima: anampa nani lawama, anaeleza nini kuhusu amri zilizotolewa, anaruka nini. Sentensi moja haiwezi kujibu hayo.

Ndipo tunapofika kwenu, Mhariri. Mkichapa dondoo au uhakiki wa tawasifu, wekeni jina la kitabu, mwaka wa toleo, lugha kilichoandikiwa na jina la aliyefasiri, hata akiwa mwandishi wenu wa chumba cha habari. Andikeni nani alishika kalamu, kama kitabu kimemtaja. Kila nukuu iwe na namba ya ukurasa, ili anayepinga afungue hapohapo. Dondoo isiishie kwenye sentensi ambayo inayofuata inaanza na "lakini". Na mahali mlipokata katikati, wekeni nukta tatu.

Wahariri wa vitabu,
Dar es Salaam