Siji Unguja, mwanangu

Mwanangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Hapa Micheweni, Pemba, hatujambo, alhamdulillahi. Ujumbe wako nimesomewa: nihamie kwako Mwanakwerekwe, niache mwani, niwe karibu na hospitali. Nia yako naijua na Mungu akulipe, lakini siji.

Ulipokuwa ukisomea uuguzi ulinihadithia habari ya kule Alameda, California. Watu wazima karibu 7,000 walifuatiliwa miaka 9, matokeo yakatoka 1979: wasio na mwenzi, jamaa, marafiki wala kikundi walikufa zaidi kuliko wenye watu. Hata walipolinganishwa maskini kwa maskini, wavuta sigara kwa wavuta sigara, tofauti haikuondoka. Sasa wewe uliyeyasoma hayo ndiye unayetaka kunitoa kwa watu wangu!

Bamvua lililopita, maji yanapokupwa mbali, sikuonekana pwani. Bi Time aliacha kamba zake za mwani majini akaja kunigongea. Kichwa kinanipasuka, vidonge vya presha vimekwisha, nauli sina. Kikundi chetu cha hisa, cha kuweka na kukopa, siku yake ya kukutana haijafika, lakini wenye funguo tatu za sanduku walitafutana jioni ile ile, wakatoa nauli na pesa ya dawa katika mfuko wa jamii. Mwani wangu wakauanika wao. Mpaka leo Bi Time akipita asubuhi huniuliza "umemeza?" kabla ya salamu, na karatasi ya vidonge lazima aione kwa macho yake. Anakera huyo! Lakini sijaruka hata siku moja.

Wapo pia wa kukupandisha presha. Ami yako haijui njia ya kwangu ila siku ulizotuma pesa, na michango ya harusi inatumaliza sisi tusio na kitu. Nami huitwa usiku kukesha na wagonjwa wa wenzangu, na mgongo wangu unaujua ulivyo. Nakwenda hivyo hivyo.

Pesa ya dawa endelea kuleta, inanifaa sana. Ukija Idi niletee kamba za kufungia mwani, hapa bei haishikiki.

Ninayemuwaza ni wewe. Ukirudi zamu ya usiku ukapatwa na homa, nani atajua? Huyo aliyepanga chumba cha pili anaitwa nani? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze habari ya mimi kuhama.

Mamako