Barua kwa mwanangu: "Mtoto ametulia"

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya alfajiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salaam, sisi huku wazima. Paka kazaa tena juu ya kabati la vyombo, na upepo wa juzi umeng'oa bati la choo cha nje. Hayo yatosha. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Ina dakika saba, na dakika ya tano nzima husemi kitu, nasikia feni tu. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu ningeanza kujitetea kabla hujamaliza, wanijua.

Unasema unakaa kufanya meditesheni yako kila asubuhi kabla ya kazi, na mwezi wa kwanza ulikuwa asali: usingizi ulirudi, hata bosi wako akaanza kuonekana binadamu. Kisha mambo yakageuka. Ukifumba macho tu kifua kinabana, machozi yanatoka hujui ya nini, na wiki hii ikakujia picha ya kitoto kimesimama chini ya mwembe wa bibi kule Muheza, vumbi la basi linatua, na hasira, umesema, "ya kumtafuna mtu". Ukamalizia kwa kucheka: "Mama, nisije nikaishia Mirembe bure."

Nianze na hiyo Mirembe, kwa kuwa upo Dodoma hapo hapo. Nimefanya uuguzi na ukunga mpaka nimestaafu, na jina la hospitali ile nimelisikia likifanywa tusi na watu ambao hata geti lake hawalijui. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ina madaktari, ina foleni, ina watu wanaotibiwa wakarudi makazini kwao. Kwa hiyo nisikilize. Siku ukikosa usingizi usiku wa kwanza na wa pili na wa tatu, au ukisikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au ukijiona kama uko nje ya mwili wako na hali ile isiondoke hata ukishaoga na kula, au wazo la kujidhuru likikupitia hata mara moja, unaacha kukaa siku hiyo hiyo na unakwenda kumwona daktari. Mimi nipigie hata iwe saa nane za usiku. Hilo hatujadiliani. Kwa uliyonieleza sioni kama umefika huko: unakula, kazini unakwenda, unacheka. Lakini nimewaona wengi waliosema "si kitu" mpaka kikawa kitu, ndiyo maana nimelitanguliza.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Na mimi nakaa. Sikukwambia, nilidhani utanicheka. Nyinyi mnaita meditesheni, kwenye kamusi ni taamuli, mimi naita kukaa tu. Nilianza mwaka niliostaafu, presha iliposoma 170 kwa 100, na mwenzangu mmoja wa zamu za usiku akanifundisha kufuata pumzi inavyoingia na kutoka puani. Yeye alikuwa amehudhuria ile kozi ya siku 10 za kimya, ya S. N. Goenka. Huyo Goenka alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma. Alikwenda kwa mwalimu wake kutafuta nafuu ya kipandauso, na kuanzia 1969 akawa yeye ndiye anayefundisha, kwanza India kisha kwingineko. Kwenye kozi zake watu wanaamshwa saa kumi alfajiri na wanakaa karibu saa 10 kwa siku bila kusemezana. Mwenzangu alinisimulia kwamba siku ya sita alilia kama aliyefiwa, kwa ajili ya mbuzi wake aliyechinjwa alipokuwa darasa la tatu. Mbuzi! Nilicheka sana. Nikaacha kucheka zamu yangu ilipofika.

Ilikuwa wiki ya saba. Nimekaa kwenye mkeka baada ya swala, jirani anafagia uwanja kwa fagio la chelewa, chwa, chwa, chwa. Ghafla nikasikia harufu ya dawa ya sakafu ya wodini. Ndani humu hapakuwa na dawa yoyote. Halafu nikaiona kanga ya yule mama, ya korosho, imelowa damu mpaka pindoni. Nilimpoteza mwaka 1999, alivuja baada ya kujifungua na damu ya kumwongezea ilichelewa. Siku ile sikulia. Nilikuwa na wajawazito wengine wanne vitandani, mmoja njia imeshafunguka sentimita nane. Nikanawa mikono, nikajikaza, nikaenda kwa anayefuata. Nikafikiri yamepita. Yalikuwa yananisubiri kwenye mkeka, mwanangu. Mikono ilitetemeka hata tasbihi ikaniponyoka. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nilidhani nimekosea njia. Kumbe hao wenye mambo yao wanalijua hili tangu zamani. Kule Burma, mtawa wa Kibudha Mahasi Sayadaw alipoeleza hatua anazopita mtu anayeendelea na ukaaji, hofu imo, na karaha imo, kama vituo vya njiani. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, Jared Lindahl na Willoughby Britton, walitoa matokeo ya kuwahoji karibu watu 100, wakaaji na walimu wao, juu ya magumu ya jambo hili. Hofu na wasiwasi vilitajwa sana. Wengine yaliwapitia kwa siku chache, wengine yaliwatesa kwa miaka, na walikuwemo waliohitaji matibabu. Kwa hiyo anayekwambia kutafakari hakuna madhara kama maji ya dafu, huyo anauza kitu. Ile programu ya simu yako yenye sauti ya mawimbi nimeijaribu. Mimi naishi na bahari yenyewe hapa na haijawahi kunibembeleza namna ile.

Lakini kuna neno lako moja lililonishtua kuliko machozi. Umesema ulipoona yameanza ulitoka dakika 20 ukaenda 40, "ili yaishe". Hapo umenigusa kwenye kazi yangu. Mjamzito akisukuma kabla njia haijafunguka kamili, mlango wa kizazi unavimba, na kilichotakiwa kuwa chepesi kinakuwa kirefu na cha hatari. Ndiyo maana tunasimama kitandani tukimwambia: usisukume bado mama, hema tu, hema. Na uchungu wenyewe haukai moja kwa moja. Unabana kama dakika hivi, unaachia, anapumzika, unarudi. Anayepigana nao hata pale unapoachia ndiye anayefika mwisho hana nguvu. Wewe unasukuma.

Rudi dakika kumi. Ndiyo, kumi, wala usione aibu. Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, macho wazi ukitazama chini. Kama pumzi ndiyo inayokuletea kubanwa kifua, achana na pumzi, hakuna sheria. Sikiliza vya nje: kuku, pikipiki, mtu anayekwangua sufuria. Kikija, kiangalie kidogo, kisha rudi kwenye nyayo. Ukikiona kinakuzidi, inuka. Mimi nina kopo la maji ya mtungini pembeni ya mkeka. Ile baridi ya bati viganjani imenirudisha mara nyingi kuliko ushauri wowote. Siku nyingine natembea barazani, hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi, basi, nimekaa siku hiyo. Na usikae na njaa, wala usikae saa nne usiku peke yako chumbani umefunga mlango. Usiku mambo yote huwa makubwa.

Jingine ni hili la majina. Unasema programu inakuambia utaje hisia inapokuja, na wewe unaitaja kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho inachosema. Kutaja ni kuzuri, na si porojo. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake huko Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hofu na hasira huku ubongo wao ukipigwa picha; walipoipa hisia jina, ile sehemu inayopiga king'ora cha hatari, amigdala, ilipunguza kelele. Lakini kitoto kilichosimama chini ya mwembe hakikujua Kiingereza. Kiite kwa lugha yake. Mimi kwa wiki nzima nilikuwa nasema "huzuni, huzuni" juu ya yule mama wa 1999 na hakuna kilichosogea. Siku niliyosema "haya", nikaona mabega yanashuka. Niliona haya kwamba mimi nilirudi nyumbani nikala wali. Jaribu-jaribu maneno kama mtu anayejaribu funguo: hasira, ghadhabu, simanzi, wivu, ukiwa, donge. Utaona lile linaloingia.

Nikikisikiliza kile ulichosimulia, mimi nasikia kinyongo. Hasira huwaka ikazimika. Kinyongo hukaa, kina mtu wake. Na mtu wake ni mimi, hukutaka tu kunitaja.

Ilikuwa Januari 1996, wewe una miaka mitano. Nilipata nafasi ya kwenda kusomea ukunga Dar es Salaam, miaka miwili, na baba yako alikuwa ameshatuacha. Nilikupeleka kwa bibi Muheza. Asubuhi ile ulinishika kanga, ukauliza nakwenda wapi. Nikakwambia nakwenda sokoni, narudi sasa hivi, nitakuletea kashata. Nilikuwa na begi kubwa mkononi, mtoto wa miaka mitano anajua begi si kapu. Nilipanda basi sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitashuka. Hiyo ndiyo picha yako. Hujaiota. Mwembe ule ulikuwepo, mpaka walipoukata.

Bibi aliniambia baadaye ulikaa pale hadi adhuhuri. Ukalia wiki nzima, hata chakula unasusa. Halafu akanitumia barua kwa mtu wa basi, karatasi ya daftari, aliandikiwa na mwalimu jirani: "Usihofu, mtoto ametulia." Barua hiyo niliitembeza bweni zima. Nililala usingizi wa kwanza tangu nifike. Niliporudi Machi nikakuletea kashata, ukazipokea kwa mikono miwili, ukasema "asante shangazi", ukaenda kuwapa kuku.

Nilikuwa muuguzi tayari wakati ule. Ningeweza kujua kwamba mtoto aliyenyamaza na mtoto aliyetulia si mmoja. Wodini tulijua hivyo, kichanga anayelia hakututisha kama aliyekaa kimya. Lakini nilitaka kuamini, kwa sababu kuamini kuliniwezesha kusoma. Na tangu hapo kila ukijikwaa nilikwambia jikaze, kila ukililia kitu nikakwambia tulia, mpaka ukawa hodari kuliko wote. Sasa unapofumba macho ili utulie kweli, yule wa chini ya mwembe anasema bado hajamaliza. Ana haki.

Nisamehe kwa kashata. Kwa kwenda kusoma sikuombi msamaha, ningekwenda tena, ada zako zote zimetoka kwenye kile cheti. Kwa kukudanganya ndiyo naomba. Na huna haja ya kunijibu kwamba yamekwisha, maana najua ulimi wako wa adabu. Kasirika kwanza. Ukitaka kunisema nisikilize, nitasikiliza, nitajitahidi nisijitetee. Nikianza nigonge goti.

Bibi yako, Allah amrehemu, alikuwa na dhikri zake za tarika ya Kadiria usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilipoanza kukaa nilihofia nimeingilia dini za watu, kisha nikamkumbuka yeye: kafumba macho, anayumba, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na kinamama wote waliomzunguka wanaendelea. Hakuna aliyemwuliza analia nini, wala aliyemwambia nyamaza. Dhikri ikiisha wanampa kahawa na tende. Wewe unalilia chumba kitupu, ndicho kinachonisumbua. Tafuta hata mtu mmoja wa kukaa naye, au huyo mshauri nasaha wa kazini kwenu uliyenitajia. Mpaka hapo usikae zaidi ya hizo dakika kumi.

Mimi nakuja. Tiketi nimekata leo baada ya kuandika nusu ya barua hii. Ninapanda basi Alhamisi asubuhi, jioni niko kwako, usinipikie makubwa, presha. Tutakaa pamoja asubuhi, wewe kitini, mimi mkekani, kila mtu na lake.

Nakaa siku sita. Narudi Tanga Jumatano inayofuata, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Najua utakuwa umelala. Nitakuamsha.

Mama yako