Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCAA: Mtungi wa upepo kwenye ndege za kujiundia

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA MWONGOZO KUHUSU INJINI ZA NDEGE ZINAZOWASHWA KWA UPEPO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Nakuandikia kutoka Kizota, Dodoma, kwenye karakana ambako mimi na wenzangu tunajiundia ndege ya viti viwili. Nimeamua barua hii isomwe na kila mtu kwa sababu jambo lenyewe si letu peke yetu. Yeyote atakayenunua injini ya aina yetu, awe Dodoma, Singida au Tabora, atakutana na mtungi uleule ninaotaka kuuzungumzia, na asipoambiwa mapema unaweza kumuua kabla ndege haijatoka nje ya banda.

Injini yetu ni M-14P, ya Kirusi, yenye silinda 9 zilizozunguka krankishafti (mhimili mkuu wa injini) na nguvu farasi 360. Ndiyo iliyomo kwenye Yak-52, ndege ya mafunzo iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1976 na kuundwa kwa wingi nchini Romania. Haina stata ya umeme. Rubani akifungua vali, upepo, yaani hewa iliyobanwa, unatoka mtungini na kuingia kwenye kigawio kinachozungushwa na injini yenyewe. Kigawio hicho kinaupeleka kwenye silinda ambayo pistoni yake imeshapita juu na iko tayari kushuka, kisha kwenye silinda inayofuata kwa zamu ya uwakaji, 1-3-5-7-9-2-4-6-8. Kila kichwa cha silinda kina kivali chenye springi kinachoruhusu upepo kuingia na kuzuia moto kurudi. Propela inazunguka, plagi zinatoa cheche, injini inashika, na kompresa ndogo iliyofungwa kwenye injini inaanza kuujaza mtungi upya.

Najua swali la kwanza la mkaguzi litakuwa: kwa nini msifunge stata ya umeme kama wengine? Kuna watu wamefanya hivyo kwenye injini hii, na imewezekana. Lakini stata inaongeza uzito, inataka betri kubwa, na betri kubwa inaongeza uzito mwingine, kwenye ndege ambayo kila kilo inahesabiwa. Mfumo wa upepo ndio uliobuniwa pamoja na injini na umezoeleka kwa miongo mingi. Sisi tunaona ni mfumo bora, na hatuombi ruhusa ya kuukwepa ukaguzi. Tunaomba ukaguliwe kwa kujua nini hasa cha kukagua.

Watu wakisikia neno upepo wanafikiria fundi pancha. Tairi la lori linajazwa bar 8 hivi (bar ni kipimo cha presha), na kila anayeishi kando ya barabara kuu anajua likipasuka linafanya nini. Mfumo wa M-14P unafanya kazi hadi bar 50. Mtungi mkuu wa Yak-52 ni wa lita 11, kwa hiyo ukijaa umebeba hewa ya karibu lita 550 iliyobanwa ndani ya chombo ambacho mtu anakibeba kwapani. Chombo hicho kinakaa ndani ya ndege, karibu na watu.

Hapa ndipo ninapoomba unisome taratibu.

Upepo ukiisha kabla injini haijashika, ile kompresa yake haikusaidii, maana inazungushwa na injini hiyohiyo iliyogoma. Lazima ujaze kutoka nje. Ukiwa Zanzibar au Mafia utakwenda kwa wapiga mbizi, ambao mitungi yao inajazwa hewa safi na kavu hadi bar 200. Sisi huku hatuna bahari. Kompresa ya fundi pancha inaishia bar 10 au pungufu. Kilichobaki mjini chenye presha ya kutosha, na kinachopatikana popote penye wachomeleaji, ni mtungi wa oksijeni, ambao hujazwa hadi bar 150 na zaidi.

Muuza gesi mmoja ndiye aliyemshauri kijana wetu auchukue huo, akimwambia ni hewa ileile, tena safi zaidi. Kijana akaenda kwa fundi wa lezi, akachongewa kiungio cha shaba: upande mmoja meno ya mtungi wa oksijeni, upande wa pili meno ya paipu yetu ya kujazia. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Alikileta karakana kimefungwa kwenye gazeti, na meno yake yamepakwa grisi ili nati iingie laini.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na grisi au oili haihitaji kiberiti. Inawaka yenyewe, na ndani ya paipu iliyofungwa kuwaka huko ni mlipuko. Hata asingepaka grisi, mfumo wetu una oili ndani yake utake usitake, kwa kuwa kompresa ya injini inalainishwa kwa oili ya injini na ukungu wake unafuata upepo hadi mtungini. Mchomeleaji aliyefundishwa vizuri anajua kwamba vali ya oksijeni haishikwi kwa mkono wenye grisi. Kijana wetu hakusomea kuchomelea, alisomea umeme wa magari, na hakuna karatasi yoyote ya Kiswahili aliyowahi kuwekewa mbele inayomkataza. Kiungio kile tulikikata kwa msumeno siku hiyohiyo. Kinachonikosesha raha ni kwamba fundi wa lezi anaweza kuchonga kingine kama kile kwa mteja mwingine yeyote, na hatakuwa na sababu ya kukataa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni karatasi moja tu. Mamlaka yako itoe mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa kubandikwa ukutani, unaosema kwa herufi kubwa kwamba mfumo wa upepo wa injini haujazwi oksijeni kamwe, na unaotaja kinachoruhusiwa, yaani hewa kavu iliyochujwa. Usiandikwe kwa lugha ya kisheria. Uandikwe kama bosi wa karakana anavyomwambia fundi mgeni.

Karatasi hiyohiyo ieleze na jambo la oili kwenye silinda za chini. Injini ya umbo hili ikikaa, oili huteremka taratibu na kujaa kwenye silinda namba 4, 5 na 6. Oili haibanwi. Ukifungua upepo wa bar 50 wakati silinda imejaa oili, pistoni inakuja juu kwa nguvu, inakuta kitu kisichokubali kusogea, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, inapinda. Mara nyingine injini inawaka kabisa na hakuna anayejua, kisha konrodi ile inakatika siku nyingine, angani. Dawa yake haina gharama: zima magneto (kinachozipa plagi umeme wa cheche), zungusha propela kwa mkono kwa mwelekeo wake wa kawaida kabla ya kuwasha, na ikigoma usilazimishe wala usiirudishe nyuma, maana ukiirudisha unaisukumia oili kwenye mabomba ya kuingizia hewa, itakayorudi baadaye. Fungua plagi za chini, oili itoke, ndipo uendelee. Stata ya umeme mara nyingi huwa na klachi inayoteleza mzigo ukizidi. Upepo hauna huruma hiyo.

Maji nayo yasisahaulike. Hewa ikibanwa inaacha unyevu wake, hata hapa kwetu ambako mvua ni ya miezi michache. Maji hayo yanatulia chini ya mtungi wa chuma na kuula kutokea ndani, mahali ambapo rangi nzuri ya nje haionyeshi kitu. Lazima kuwe na kikusanya maji chenye koki, na kifunguliwe mara kwa mara.

Ndiyo maana naomba pia mkae na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao kazi yao inahusu ukaguzi wa vyombo vya presha, mkubaliane namna ya kuupima mtungi unaokaa ndani ya ndege: upimwe kwa maji, kwa presha iliyozidi ile ya kazi, kisha ugongwe tarehe na namba. Upimaji wa maji ni muhimu kwa sababu mtungi ukishindwa, maji hayarushi vipande vya chuma kama upepo unavyofanya. Mmiliki apewe cheti kimoja kinachotambuliwa na pande zote mbili, asiulizwe kila anapokwenda.

Kuhusu mahali pa kujazia, nina wazo. Askari wa zimamoto hupumua kutoka kwenye mitungi ya mgongoni inayojazwa hewa safi na kavu hadi bar 200 au 300. Hiyo ndiyo hewa tunayoihitaji. Tukiruhusiwa kujaziwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa malipo halali, kwa miadi na kwa kidhibiti cha presha kilichokaguliwa, kishawishi cha oksijeni kitakufa chenyewe. Kwa gharama ya mtungi mmoja unaojazwa mara chache kwa mwaka, sioni Serikali itapoteza nini.

Nchi zilizotangulia hazikuwazuia watu kujiundia ndege. Marekani ina kundi maalumu la ndege za majaribio ambazo mwenyewe lazima awe amefanya sehemu kubwa ya kazi, na ndege hairuhusiwi kubeba abiria mpaka imalize kipindi chake cha majaribio mbali na makazi ya watu. Uingereza ina wakaguzi wanaompitia mjenzi hatua kwa hatua, kabla mambo hayajafunikwa. Utaratibu wa Uingereza ndio ninaoutamani zaidi, kwa sababu paipu ya bar 50 ikishafichwa nyuma ya bati hakuna anayeweza kuona kama imekunjwa vibaya, inasuguana na kebo, au imepita karibu mno na ekzosi.

Kwetu mabati ya ubavu wa kushoto bado hatujayapiga ribiti. Mtungi uko kwenye kiti chake, paipu zote zinaonekana kuanzia vali ya kujazia hadi kigawio, na upepo haujaingizwa. Hatutauingiza, wala hatutafunika, mpaka mkaguzi wako apite. Akija siku yoyote ya kazi atatukuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi, Kizota, Dodoma.

Nakala:
Mtendaji Mkuu, OSHA
Kamishna Jenerali, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji