Kiingereza hakikuzaliwa na Kijerumani

Ndugu Mhariri,

Makala zetu za lugha hazichoki kusema kwamba Kiingereza "kimetokana na Kijerumani". Si kweli. Kosa linaanzia kwenye jina.

Germani, neno lililozaa "Kijerumani", ni jina walilolitumia Warumi. Jemadari wao Julius Caesar, karne ya 1 kabla ya Miladia, aliwaita hivyo watu wa makabila mengi ya mashariki ya mto Rhine, ambao hawakuwa taifa moja. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, mwaka 98 Miladia, aliandika kuwa jina hilo ni jipya: lilikuwa la kabila moja lililovuka mto, kisha wakaitwa wote. Asili yake inabishaniwa hadi leo. Wapo wanaolitafsiri "majirani" kwa lugha ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, na wapo wanaosema "wapiga makelele". Wajerumani wenyewe hujiita Deutsche, kutokana na neno la kale lenye maana ya watu. Ndio hao wazee wetu waliowaita Wadachi.

Wanaisimu walilichukua jina la Warumi wakaipa jamii nzima ya lugha: Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kiswidi, Kidenmaki na nyenginezo, pamoja na Kigothi kilichokwishakufa. Kifini hakimo, ingawa ni jirani wa Kiswidi.

Anayetaka ushahidi atazame konsonanti. Maji kwa Kiingereza ni water, kwa Kiholanzi water, kwa Kijerumani Wasser. Kumi ni ten, tien, zehn. Tufaha ni apple, appel, Apfel. Sauti za zamani ni t na p. Kijerumani ndicho kilichozigeuza, mabadiliko yaliyoanzia kusini katika zama za kati. Kiingereza kingekuwa mtoto wake, kingerithi sauti zilizogeuzwa. Hizi ni lugha ndugu, mama yao hakuacha maandishi. Mbona hatusemi Kiswahili kimezaliwa na Kizulu kwa kuwa vyote ni vya Kibantu? (Na jina Bantu, kwa taarifa, lilienezwa na Mjerumani, Wilhelm Bleek, karne ya 19.)

Wengine huchanganywa na wingi wa maneno ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiingereza baada ya 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza. Maneno ya kuazima hayahamishi ukoo. Shule na hela tumevipata kwa Wadachi, na Kiswahili hakijatoka ukooni.

Kwa hiyo waandishi wako waandike "lugha za Kigermaniki" wakikusudia jamii, na "Kijerumani" wakikusudia lugha ya Berlin tu.

Walimu wa lugha,
Wete, Pemba